Saa Mbili ya Mama

Nifichieni jina, maana Ibra, mji wetu huku Oman, ni ndogo. Nina miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto wawili. Kaka na dada yangu walizaliwa Unguja. Mimi, kitinda mimba, nimezaliwa hapa hapa nikasomeshwa kwa Kiarabu. Kiswahili nilikipata kwa mama tu, na nikijiona nakijua.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa nakata tiketi katika ofisi moja ya safari. Mama alikuwa kwa dada, Copenhagen, akaugua huko huko. Kaka alikuwa London. Alioa bila ya kumwambia mama, na miaka sita hawakusemezana. Dada naye akawa upande wa mama, basi mjumbe wa nyumba nzima nikawa mimi, kwa simu.

Siku hiyo alasiri mama akanipigia, sauti imemkauka. "Mwanangu, kesho saa mbili wananipasua. Mwambie kaka yako aje anione kabla sijaingia. Nimeshamsamehe, lakini usimwambie. Nataka alisikie kwangu mimi mwenyewe."

Nikampigia kaka pale pale. "Shikamoo kaka. Mama anakutaka. Wanampasua bukra, saa thintein, baada ya adhuhuri."

Kaka akalia, mwanamme mzima. "Nipande ndege ya leo jioni?"

"La, ya nini kuhangaika? Chukua ya asubuhi. Kabla ya adhuhuri utakuwa umekaa naye."

Nilikuwa najigamba na kazi yangu. London mpaka Copenhagen ni kilomita elfu moja kasoro kidogo, ndege haimalizi saa mbili angani. Hata ile saa moja ambayo Copenhagen iko mbele niliihesabu. Hesabu zote zilikuwa sawa, isipokuwa ile aliyonipa mama. Mimi, kichwa kimejaa saa za tiketi, nilielewa thintein, saa mbili ya Kiarabu, yaani saa nane mchana. Mama alisema saa mbili ya Kiswahili, ya asubuhi, ile niliyokua nikiisikia nyumbani kila siku ya Mungu. Sijui nilikuwa na akili gani!

Kaka alipofika, mama alikuwa ameshaingizwa. Hakuzinduka tena.

Dada akamwambia kaka mbele ya watu, "Amekungojea mpaka wanamsukuma kitanda. Umechelewa makusudi." Baadaye kaka akanipigia simu, akaniambia, "Mama alikutajia saa ya uongo ili asinione. Amekufa hana radhi na mimi."

Hapo ndipo nilipotakiwa niseme kuwa kosa ni langu. Nikasema, "Allah yerhamha," Mungu amrehemu, nikakata simu. Niliogopa, na mpaka leo naogopa. Siku moja nilimwambia kuwa mama alimsamehe. Akanijibu, "Unanifariji tu, mdogo wangu. Angenisamehe, angenitajia saa ya kweli."

Mwezi ujao kaka anakuja Oman, mara ya kwanza tangu msiba, na atafikia kwangu. Dada na mimi hatuna maneno mengi siku hizi. Ndugu niliyebaki naye ni huyu. Nikinyamaza, atarudi London akiamini mama yake alimkataa. Nikisema, atampata mama, lakini mimi huenda asinitazame tena usoni. Ndugu zangu, nipeni shauri: neno hili nilitoe vipi?