Mama Aliyetumwa kwa Mkwe Wake

Jumamosi tulimzika mama mmoja kule Bokoli, Bungoma, nikarudi Kitale na furaha ambayo mke wangu ameniambia niifiche kidogo, watu wasije wakadhani nilikuwa na kisa na marehemu. Sikuwa na kisa naye. Alikuwa mjane, mkulima wa mahindi na maharagwe, sauti kubwa kuliko zote katika kwaya ya akina mama, na mama mkwe wa dereva wangu mmoja. Simu ya kifo chake ilinipata uani tukipakia mahindi, nikawaambia wapakiaji waweke magunia chini. Wanaonijua wanajua kazi yangu haisimami ovyo. Shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, nikaanza kwa kubeba magunia ya watu wengine, na leo malori yaliyo katika uwanja ule ni yangu. Siyasimamishi kwa kila anayekufa. Kwa huyu niliyasimamisha, na leo nataka msomaji wangu ajue sababu.

Wakati mmoja dereva wangu huyo alianguka kutoka juu ya lori akifunga turubai, akavunjika nyonga. Hospitali ilimtengeneza, kisha ikamrudisha kwenye chumba chake nyuma ya uwanja wangu na amri ya kutoshuka kitandani. Mkewe alikuwa Uarabuni kwa kazi za nyumbani, na mwajiri alikataa kumwachilia. Ndugu zake walikuja, wakakaa, wakanywa chai, wakasema pole, wakaenda. Mtu niliyemwajiri amhudumie alitoroka alipoona kazi yenyewe ni kumgeuza mwanamume mzima na kumwosha. Mimi nilijaribu, lakini mgongo wangu uliisha zamani chini ya magunia. Akapata kidonda cha mgongo kwa kulala. Daktari alisema wazi kwamba asipogeuzwa na kusafishwa kila siku, nyonga itapona lakini kidonda kitamuua.

Siku hizo ndipo mama huyu alipofika kutoka Bokoli, kitambaa cheupe kichwani, Biblia kifuani. Alikuwa akipalilia maharagwe, akasikia moyoni, wazi kabisa, ati nenda Kitale. Kanisa lake likamwombea na kumsindikiza mpaka barabarani. Alikuja kwangu kuomba nafasi ya kuwahubiria wapakiaji wakati wa chakula.

"Mzee, Mungu ameniita Kitale," akaniambia, uso unang'aa.

"Mama, karibu sana. Lakini si mkwe wako anaoza hapo nyuma?"

"Ndugu zake wananiambia kwa simu ati anaendelea vizuri."

"Anaendelea vizuri kwenda kaburini. Nenda uone."

"Mzee, heshima! Yule ni mkwe wangu."

Msomaji ambaye hakuzaliwa kwetu Bungoma anaweza kucheka hapo. Asicheke. Kwetu mama na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye nyasi ili mwenzake apite. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima, na mimi ninaipenda, maana vijana wa leo wanawakumbatia mama wakwe zao kama wachezaji waliofunga bao, na sioni faida yake. Kwa hiyo mama alipokataa nilimwelewa. Lakini mdomo wangu haukuwahi kufundishwa kungoja, nikamwambia: "Basi hubiri. Hawa wapakiaji wana afya, watakuitikia amina vizuri."

Alihubiri. Katikati ya mahubiri dereva alilia kule ndani, kilio cha mtu aliyejaribu kujigeuza. Mama akafunga Biblia, akaniuliza maji yako wapi.

Mwanzo alimpelekea uji dirishani, uso ameugeuzia barabara, mkono tu ndio umeingia ndani. Baadaye alinisimulia kwamba hapo ndipo alipoona aibu mbele za Mungu, kwa sababu hakutumwa dirishani. Akazunguka, akasukuma mlango. Dereva alijifunika blanketi mpaka kichwani.

"Mama, toka! Mama, nakuomba, usiniangalie!"

"Wewe funika uso," akamwambia. "Mimi nimetumwa kwa mgongo."

Akamgeuza. Mikono yake ilikuwa imegeuza udongo wa Bokoli maisha yake yote, mwanamume mmoja hakumshinda. Akaanza kuimba, na aliimba kwa nguvu kiasi kwamba mpangaji wa nyumba ya pili alidhani kanisa limefunguliwa. Nilipomuuliza kwa nini kelele yote hiyo, alisema yeye na mkwe wake walihitaji kitu cha kusikiliza wote wawili, zaidi ya aibu yao.

Habari zikaruka mpaka Bokoli. Wazee wawili wa ukoo wakaja kumchukua, makoti mazito, fimbo mkononi, nyuso kama za watu waliokuja kuamua kesi ya shamba.

"Mama, umetuvua nguo," mmoja akaanza. "Tukienda Misikhu sokoni tutatazama wapi?"

"Mko sawa kabisa, baba zangu," akajibu, na hakuwa anawakejeli. "Hii kazi haikunifaa. Ingieni nyinyi. Beseni ni hili, maji bado ni moto, na dawa iko juu ya sanduku."

Mzee aliyekuwa anasema akainua macho kwenye mabati ya paa, akayachunguza kama fundi. Yule wa pili alimtazama mama, akatazama beseni, akavua koti. Akanipa nilishike. "Mama, nionyeshe pa kushika, bana," akasema. "Nisije nikamvunja na ile nyonga nyingine." Kuanzia hapo mzee yule alikuwa anapanda kutoka Bokoli kila alipoweza, na kicheko chao watatu kilikuwa kinanisumbua nikipiga simu za biashara.

Kidonda kilifunga. Siku dereva aliposhika magongo na kutoka nje, mama alikuwa anaingia langoni na sukuma wiki. Alipomwona tu, dereva akaruka kando kwenye nyasi ili mama mkwe apite, karibu avunjike tena. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Heshima yao ilikuwa imerudi, na naapa ilikuwa nzito kuliko ile ya mwanzo.

Sasa niseme langu. Siku hizi walioitwa ni wengi. Tembea Kitale siku ya soko, pita mikutano ya injili Kanduyi, kila mtu ameitwa, na karibu wote wameitwa kwenye kipaza sauti. Siwacheki, hata huyu mama alidhani hivyo. Mungu alimwambia Kitale, yeye akaongeza mahubiri mwenyewe, kwa sababu mahubiri ndiyo aliyoyapenda. Nilimuuliza kama hatimaye moyo wake ulipata amani alipoingia kile chumba. Akasema, "Amani wapi, mzee? Mwili wote ulikuwa unakataa. Niliingia nao hivyohivyo." Mimi si mtu wa kanisa sana, lakini jibu hilo limenifundisha juu ya imani kuliko wahubiri wote waliowahi kuniomba mchango.

Jumamosi, jeneza lilipotoka nyumbani, dereva alikuwa amesimama mbali kwenye ua, anapostahili mkwe kusimama. Wabebaji wakajipanga. Akaja polepole, anachechemea, akawauliza wazee kama anaweza kuingiza bega. Yule mzee wa koti akasema, "Mwacheni ambebe. Yeye alibebwa." Akaingia. Kwa sababu ya nyonga yake jeneza lilikwenda limeinama upande mmoja, likiyumba kama linacheza, na akina mama wa kwaya wakaona, wakacheka na machozi yakiwatoka, wakauchukua wimbo kwa mwendo huohuo wa kuchechemea mpaka kaburini. Sijawahi kuona mazishi mazuri kama yale.

Kwa hiyo wewe unayengoja sauti ya Mungu ikutume mbali, nakushauri kama mzee: kwanza angalia ule mlango ambao unaujua vizuri na hutaki kuusukuma. Ingia. Ukiona aibu, imba.