Mfumo Ulisema Mama Hayupo

Mama yangu alikuwa amesimama kwenye dirisha la mapokezi, mkoba kwapani, na kompyuta inasema hajawahi kutibiwa pale.

"Kumbe miaka yote hii alikuwa anatibiwa nani?" akaniuliza huku anacheka.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mfumo wa hospitali ile. Sikucheka.

Mfumo wenyewe ulikuwa mzee kuliko mimi. Mafaili ya wagonjwa yalikuwemo yote, salama. Kilichoharibika ni indeksi, ile inayoionyesha mashine kila faili limekaa wapi. Dawa yake ni kuzima mfumo nusu siku, uijenge upya.

Bosi wetu tulimwita Chapchap. Akakataa katakata.

"Wageni wanakuja kukagua, wewe unataka kunizimia mitambo? Asiyeonekana asajiliwe upya!"

Wakasajiliwa, mama akiwemo. Wageni walipoondoka ndipo akaniruhusu, na indeksi ikagoma kujengeka: kila aliyesajiliwa upya alikuwa na namba moja ya kitambulisho, mafaili mawili.

"Futa yote ya zamani," akasema.

"Bosi, aleji za watu zimo kwenye hayo ya zamani. Tuyaunganishe kwanza, hata ichukue wiki."

"Wewe ni fundi au daktari?"

Nikagoma. Nikahamishiwa kwenye printa, kubadilisha wino. Mwenzangu akafuta, indeksi ikajengeka, na Chapchap akapigiwa makofi kikaoni. Roho iliniuma, acha tu.

Haukupita muda, mama akazidiwa. Mdogo wangu wa kike akamleta, hajitambui. Nesi akaandika namba, faili likatokea papo hapo. Safi kabisa. Aleji: hakuna.

Akachomwa ile sindano ambayo tangu ujanani mwili wake ulikuwa hauitaki.

Nilishuka ngazi mbio, mikono imejaa wino. Nikakuta wameshamfunika.

"Kaka, kompyuta ilisema hana," nesi akawa analia. Hakukosea.

Msibani Chapchap alikuja na suti nyeusi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama sikioni.

"Pole sana, kijana wangu. Hivi, yale mafaili ya zamani, hakuna mtu aliyebaki na nakala?"

"Ninayo mimi, bosi. Nilinakili yote kabla hujanihamisha."

Akaniachia mkono kama amegusa pasi ya moto. Hata chai hakunywa, akaondoka.

Nakala hiyo sasa iko kwa wakili, na Chapchap nitamfuata nayo popote. Lakini kinachoninyima usingizi ni mdogo wangu. Siku ile nesi alimuuliza waziwazi kama kuna dawa inayomdhuru mama. Akajibu kwa kujiamini, jibu la nyumbani kwetu, nililowazoesha mimi, na sikuwaambia hata mafaili yalipofutwa:

"Angalia tu kwenye mfumo, dada. Kila kitu kimo."

Jamani, dawa inayoweza kumuua mzazi wako ijue kwa kichwa. Muulize leo, angali anaweza kukujibu.