Waliokausha Jaruba Langu

Kwa miaka mingi nilifundisha falsafa chuoni. Niliwaambia wanafunzi, kwa majivuno, kwamba tukio ni sababu ya jingine pale ambapo bila la kwanza, la pili lisingetokea. Nilipostaafu nikaja kulima mpunga nje kidogo ya Ifakara.

Mvua zikakatika mpunga ukiwa unachanua. Asubuhi moja majirani zangu wawili, kila mmoja upande wake, wakakata kingo za jaruba langu ili wavute maji kwao. Tundu moja tu lingetosha kulikausha.

Mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, wa kwanza alisema, "Shikamoo mzee. Hata nisingekata mimi, maji yangeisha tu. Si mwenzangu naye alikata?" Wa pili akasema hivyohivyo, akimnyooshea kidole wa kwanza. Mwenyekiti, mtu bure kabisa, akaitikia kwa kichwa, kisha akaniuliza kama nina la kujibu.

Nijibu nini? Majembe yao yalikuwa bado yana tope la jaruba langu, na mimi nimesimama kama bwege, nikiwakumbuka wanafunzi niliowafelisha kwa kuibishia nadharia ile ya kipuuzi.