Waliofungua Injini Yangu

Watu waliotufukuza Kivu ya Kusini siwataji hapa, maana wale hata ukiwataja hawaoni haya. Nitawataja walioharibu gari langu, kwa sababu hawa nakutana nao kila juma na wananisalimia vizuri. Majina yao sitaandika. Kwetu kambini Nakivale jina halina kazi. Ukisema fundi wa Kakoba, shemasi na shemeji yangu, kila mtu ameshajua.

Gari langu ni dogo, la zamani, lenye mgongo mrefu wa kupakia mizigo nyuma. Nililipata baada ya miaka mingi ya kulima, nikauziwa na mzee mmoja wa Ngarama. Toka siku ile kazi yangu ikawa kuwapeleka mama wa Rubondo, humu humu kambini, hadi Mbarara, wao na maharage yao, na kuwarudisha na vitenge vyao. Utaratibu wetu ni wa kwetu wenyewe, na wenyeji wanaucheka: mafuta wanaleta mama. Asubuhi kila mmoja anafika na chupa ya maji iliyojaa petroli. Tunaimimina kwenye tangi mbele ya macho ya wote, ndipo tunaondoka. Hivyo hakuna wa kusema kaibiwa. Chupa zilikuwa zinatosha kwenda na kurudi, na mimi nililipwa kwa uendeshaji na kwa kusikiliza habari zao njia nzima.

Siku moja, tukipanda milima ya Isingiro na mzigo, mshale wa kipimo cha joto ukapanda nao. Nikasimama, nikaacha injini ipoe, nikaendelea hadi Kakoba, pale Mbarara, kwa yule fundi. Ana kofia ya sufu anayovaa hata jua likiwaka, na anasikiliza injini akiwa amefumba macho kama padri anayesikiliza dhambi. Akafungua, akachomoa kidude kidogo cha shaba kinachokaa pale maji ya injini yanapotokea kwenda kwenye rejeta. Wenyewe wanakiita themostati.

"Mzee, ona. Hii ndiyo inafunga maji. Hii tunatoa kwa gari zote."

"Kwani waliokiweka walikuwa wajinga?"

"Si wajinga, ssebo. Waliweka kwa sababu kwao barafu iko. Hapa barafu tunaona kwa friji tu. Hawakujua gari itakuja Mbarara."

Neno hilo lilinipendeza. Mimi pia waliponizaa hawakujua nitakuja Mbarara. Akakitupa kwenye kopo la vyuma, tukajaribu gari, na mshale ukalala chini kabisa. Fundi akaugonga kioo kwa ukucha. "Haipandi! Umeona?" Nikafurahi. Mtu aliyelala bila kuamka hata kwa chakula tungemwita mgonjwa, lakini mshale wangu tuliuita mzima.

Safari ya pili baada ya hapo, mafuta yaliisha tukirudi, kabla ya kuona nyumba ya kwanza ya Nakivale. Nikasema labda chupa hazikujaa. Safari iliyofuata ikawa vilevile. Mama wakaanza kunyamaza ndani ya gari. Anayewajua mama wa Rubondo anajua kwamba wakinyamaza wote pamoja, kuna kesi.

Hapo ndipo alipoingia shemeji, mdogo wa mke wangu. Hana gari wala hajawahi kuwa nalo, kwa hiyo anajua magari yote. Akasema injini yangu imekabwa koo. Akanipeleka kwa fundi yuleyule, wakaukata mkebe wa ndani wa ekzosi, ule wenye matundu kama masega ya nyuki, wakaunga bomba nene. "Sasa inapumua," shemeji akasema, "na inayopumua vizuri haili mingi." Yale masega fundi aliyafunga kwenye gunia kwa upole, kama mtu anayebeba kuku wa Krismasi. Baadaye nikasikia kuna wanunuzi wanaoyatafuta sana kwa madini ya thamani yaliyomo. Mimi nilibaki na mlio. Gari likawa linasikika kabla halijaonekana, mbuzi wanakimbia, na mafuta yanakwisha palepale yalipokuwa yanaisha.

Wa tatu ni shemasi wetu. Baada ya ibada alinivuta pembeni na kunionyesha sumaku mbili ndani ya plastiki nyeusi, za kupunguza ulaji wa mafuta.

"Papa, esansi inaingiaka kwa moteri ikiwa imejikunja. Sumaku inainyoosha. Ikinyooka, tone moja linafanya kazi ya matone mawili."

"Na gari lako wewe umeliwekea?"

"Mimi? Mimi naendaka kwa pikipiki," akajibu bila kupepesa jicho, kisha akaziombea.

Tukazifunga kwenye mpira wa mafuta. Sijui zilinyoosha nini. Leo zinakaa kwa mke wangu, mshonaji, na sindano ikimwangukia anaiokota nazo bila kuinama. Huo ndio msaada pekee uliotoka kwa wote watatu.

Kesi ikafika. Tulikuwa tumesimama njiani, tangi tupu, na mama mkubwa wao, muuza maharage mwenye sauti ya mtu aliyezaa wengi, akashuka na kunisimamia mbele.

"Papa shofere, esansi yetu inaendaka fasi gani?"

"Gari linakula, mama."

"Gari! Zamani ilikuwa imefunga saumu?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema kutoka ndani ya gari: "Ananyonya na tuyo ya mupira. Mutazame ata midomo, iko mikavu." Midomo yangu ni mikavu toka nizaliwe. Lakini nilielewa. Mbele ya macho yao chupa zinaingia, mbele ya macho yao hazitufikishi nyumbani. Kati ya hapo tuko injini na mimi, na injini haina mke anayevaa nguo mpya. Mke wangu anajishonea mwenyewe, ila ukawaambie.

Juma lililofuata nilipofika walikuwa wamekwisha panda gari la Mrundi mmoja, jirani yetu, mwenye rozari kwenye kioo. Chupa zao zilikuwa zinamiminwa kwenye tangi lake. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimia kama anavyosalimiwa mtu aliyetoka jela.

Nikawa nabeba abiria wa kuokota, yeyote aliyekuwa hajasikia kwamba mimi ni mwizi. Asubuhi moja ya mvua nilimchukua dada mwenye mtoto mchanga, akaniomba nifungulie hewa ya moto. Nikafungua. Ikatoka hewa kama ya kisimani. Tukaenda, tukapanda vilima, tukashuka, tukakaribia Mbarara, na bado ni kisima. Akamfunika mtoto kwa kitenge, akasema, "Baba, zima tu, tutashukuru."

Nikaweka gari pembeni, nikafungua boneti, nikashika injini. Ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Mimi shule niliiacha mapema, lakini Nakivale kuni ni shida, na kila mtu kwetu anajua sufuria isiyochemka ndiyo inayomaliza kuni. Injini yangu ilikuwa inachochewa njia nzima ili ipate moto, na haiupati, kwa sababu maji ya baridi yanapita humo bila mlinzi mlangoni. Mlinzi ndiye yule wa shaba aliyetupwa kwenye kopo.

Fundi sikumrudia. Pale Mbarara wanapochinja magari mabovu nilipata themostati ya gari la aina yangu, lililogonga ng'ombe njia ya Endiinzi. Nikaifunga mwenyewe. Nilipomwaga maji ya rejeta, likatoka tope zito kama uji wa mtama. Yule mzee wa Ngarama alikuwa anatia maji ya dimbwini, ndiyo maana gari lilichemka mlimani. Basi na yeye nimemtaja. Nikaisafisha, nikaziba ekzosi kwa mkebe wa kuokoteza, na mshale ukapanda hadi katikati ukasimama. Mafuta yakarudi kutosha, kwenda na kurudi. Nikawaendea mama kuwaeleza habari za mlinzi wa shaba. Mama mkubwa alisikiliza hadi mwisho.

"Wezi bote bakuwaka na hadisi nzuri," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Haukupita muda, nikapita Kakoba, nikaona gari la yule Mrundi boneti iko wazi na fundi amefumba macho anasikiliza. Nikasimama. Nikamwambia Mrundi: ndugu yangu, kile kidude wasikitoe, safisha rejeta tu, ukikitoa litakunywa mafuta kupita kiasi. Nilimwambia ukweli wote. Ila nilimwambia kwa sauti ya mtu mwenye wivu kabisa, mikono kiunoni.

Akacheka. "Muzee, umenyimwa abiria, sasa unataka gari langu lichemke njiani?"

"Huyu mzee, bambi," fundi akasema kwa kunihurumia, "iko na kisirani."

Nikawaaga kwa heshima, nikaenda zangu.

Sikungoja sana. Asubuhi moja mama mkubwa alikuja mlangoni kwangu na chupa yake mkononi, wenzake wamepanga mstari nyuma yake.

"Papa shofere, nafasi iko?"

"Iko. Na yule mwengine?"

"Ule anaibaka mingi. Tunafikaka Isingiro tangi iko tupu."

"Na mimi je?"

Akanipima kwa macho toka kichwani hadi viatuni.

"Weye unaibaka kidogo. Kwa weye tunaweza kuvumilia."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno yote tayari, ya shaba, ya tope, ya sufuria na kuni. Lakini ubishi haupandishi mlima wa Isingiro. Nikafungua tangi, chupa zikamiminwa mbele ya macho ya wote, na mwizi mdogo akawasha gari.