Kufuli ya Friji, Keshero

Niliondoka Bukavu kwa sababu ya chupa za maji zilizokuwa zikitufikia vuguvugu. Kwenye ufuko wa Keshero, Goma, maabara yetu ina mashine inayovuta maji ya ziwa kidogo kidogo na kuyatunza ndani ya friji yake mpaka yachukuliwe kupimwa. Watu wa mtaa hunywa maji hayo hayo. Sampuli ikipata joto, kipimo kinadanganya, na kipindupindu hakisubiri mtu. Mkuu wangu akanituma nikaisafishe mashine na kuirekebisha.

Kwenye boti nilisinzia nimekumbatia brashi zangu na kidumu cha javeli, dawa ya kuulia vijidudu.

Goma, motari alinirusharusha na pikipiki yake juu ya mawe ya volkano hadi Keshero, nikashuka kiuno kinauma. Papa Bahati, mlinzi wa mashine, alinipokea kwa chai na maneno mengi mno. Nikajua kuna jambo analizunguka.

Nilipofungua friji nililiona. Kati ya chupa zetu kulikuwa na boksi za insulini zilizofungwa kwenye kitenge. Papa Bahati akaeleza, macho chini, kwamba ni za jirani, Mama Neema, mgonjwa wa sukari. Mwanawe humtumia dawa ya miezi mingi kutoka Kampala, na umeme wa kwake haukai. Mashine yetu ina paneli zake za jua. Kumbe mlango ulikuwa ukifunguliwa kila siku.

Mimi kwa kazi sina mchezo. Nilisugua mirija, nikaisuuza mpaka harufu ya javeli ikaisha, nikapangusa vumbi jeusi nyuma ya friji, nikabadilisha mpira wa mlango. Kisha nikatoa boksi za insulini na kutia kufuli.

Jioni Mama Neema alikuja kuchukua dawa yake. Nilimweleza habari ya vipimo na watoto wa mtaa, naye akaitikia kila neno.

"Siko nakukataza kazi yako, mutoto yangu," akasema. "Uniambie tu, dawa nitaiweka wapi?"

Nikataja famasi moja ya mtaa wa Majengo. Alikwisha kuuliza, wakamkatalia. Aibu ilinishika, nikamkabidhi boksi zake.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, sijui na nani.

Bukavu, chupa sasa zinafika baridi na mkuu alinisifu. Juzi nilimpigia Papa Bahati. Mashine inaenda vizuri, alisema, ila Mama Neema amefunga meza yake ya kuuzia nyanya na kuhamia Kibumba kwa dada yake, kwa sababu kule juu kuna baridi. Ipo kweli, lakini si ya friji, na hospitali iko mbali.

Najuta sana. Nilijifunza kwamba kabla ya kutia kufuli unapaswa kuuliza kwanza, hata kama unadhani jibu unalijua. Baada ya simu ile nilimwomba mkuu friji ndogo ya pili kwa ajili ya dawa, iunganishwe na paneli zetu. Alikubali kabla hata sijamaliza kusema. Sasa Papa Bahati anazunguka mtaani kutafuta namba ya simu ya huyo dada, ili Mama Neema, asiye na simu, apate habari, na hakuna aliye nayo.