Mama Alishukuru Mapema

Mamangu alikuwa ameacha kupata hedhi miaka mingi alipoanza kutokwa na damu tena, na mimi sikuwa wa kwanza kuambiwa. Alimwambia mdogo wake, naye mama mdogo akanipigia simu nikiwa dukani kwangu mjini Kisii, akazungukazunguka na mafumbo mpaka nikamwomba aseme wazi au akate simu. Simlaumu mama. Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu, ambayo haimruhusu mzazi na mwanawe kuzungumza habari za chini ya kitovu. Mama alikuwa hodari wa maneno, angeweza kumtania hata mzee wa kanisa, lakini hilo hakuliweza kwangu.

Nikamfuata kwake Nyamira, nikamleta hospitali. Daktari alikuwa kijana wa pwani mwenye Kiswahili kirefu, na Kiswahili cha mama kilikuwa kile cha kuuzia ndizi, basi mkalimani nikawa mimi. Yale ambayo hatukuwahi kuambiana maisha yetu yote, sasa nilipaswa kuyasema kwa Ekegusii mbele ya mwanamume mgeni. Damu ilianza lini? Nyingi au kidogo? Mama alijibu akitazama dirisha, mimi nikatafsiri nikitazama viatu vyangu. Tukitoka akaniambia, "Mama, leo umenivua nguo." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake, nasi tulicheka mpaka getini. Kicheko kile nakitamani hadi leo.

Walikuwa wamemtoa kipande cha utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, kwa kimrija chembamba kinachoingizwa na kunyonya kidogo, kikaenda kupimwa maabara. Tuliporudi kuchukua majibu daktari alisema ni safi, hawakuona saratani. Kisha akavuta kiti karibu. Akasema kimrija kile huchota pale kilipogusa tu. Kikileta saratani, hilo ni la kuaminika. Kisipoileta, bado huenda kuna kitu kidogo kimejificha pembeni ambapo hakikufika, hasa kwa mama wa umri huu. Kwa hiyo damu ikirudi, hata tone, arudi mara moja wamchungulie ndani kwa kamera. Mimi nilimwelewa upesi, maana nimekua nikiona karani wa majani chai akitia mkono kapuni na kuhukumu kapu zima kwa konzi moja.

Nilitafsiri yote. Mama akauliza, "Amesema ni safi?"

"Amesema ni safi, lakini damu ikirudi..."

"Basi," akasema, na mkoba ulikuwa tayari begani.

Sabato iliyofuata alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema Bwana amemponya, na karatasi ya daktari imethibitisha. Watu wakaitikia amina, wamama wakamkumbatia nje, na mimi pia nililia kwa furaha, kwa nini nidanganye? Tangu baba afariki sikuwa nimemwona amechangamka vile.

Miezi ikapita. Halafu nikaanza kuona mambo. Mama aliyekuwa akiketi benchi ya mbele sasa aliketi nyuma karibu na mlango, juu ya leso iliyokunjwa mara nne. Nikimwalika alale kwangu mjini, ananiambia kuku wamekuwa wagonjwa. Kuku gani wanaugua mwaka mzima? Ijumaa moja nikapanda mlima hadi kwake, nikamkuta jikoni akimenya ndizi za kupika kabla Sabato haijaingia. Nikaketi, nikaivunja chinsoni kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mama, damu imerudi?"

Aliendelea kumenya. Alimaliza ile aliyoishika, akaitia majini, ndipo akasema, "Ilirudi zamani. Sasa ningemwambia nini Mungu? Nimeshamshukuru mbele ya watu."

Nilikasirika, nikasema maneno. Nilimwambia Mungu haaibiki kwa jambo la kimrija, na kwamba daktari alituonya kwa kinywa chake. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kama nimekula. Kesho yake hatukungoja ibada iishe, tukaenda hospitali.

Kamera iliona kiuvimbe kwenye pembe ya juu ya mfuko wa uzazi, mahali ambapo kimrija hakikugusa mara ya kwanza. Safari hii walichota palepale, na jibu likaja bila lakini. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshatoka nje ya mfuko. Walimfanyia upasuaji, wakamtibu walivyoweza.

Alipopata nguvu kidogo aliomba nimpeleke kanisani, akasimama tena, safari hii ameegemea bega langu. Alisema, "Niliwaambia nimepona. Damu ilirudi, nami nikaificha ili nisimwaibishe Mungu. Kama kuna mwanamke hapa anatokwa na damu isiyo ya kawaida, aende. Akiambiwa ni safi na damu ikaendelea, arudi." Hakuna aliyesema amina. Lakini wiki ile wanawake walikuja nyumbani mmojammoja, kila mmoja na kisingizio chake cha kuomba chumvi.

Alifariki kabla mwaka haujaisha. Matangani mtu mmoja akaanza, "Mficha maradhi..." nikamtazama mpaka methali ikamkwama kooni. Nimebaki nikimtamani kwa vitu vya kijinga, kwa namna alivyokuwa akinipigia simu alfajiri kuniuliza kama mjini kumenyesha, kana kwamba mvua ya Kisii na ya Nyamira hazijuani.

Kuna mama mmoja anayeuza ndizi soko la Nyakoe. Siku ile alikuwa kanisani, naye alikwenda. Kwake pia kimrija kilisema ni safi, damu ikaendelea, akarudi, wakaikuta saratani ingali changa. Walimtoa mfuko wa uzazi, na sasa amenenepa. Kila akiniona huniita kwa sauti, huniongezea ndizi, husema bila mamako ningekuwa udongoni. Nami humjibu vizuri, tunacheka, na nafurahi kwamba yu hai. Lakini nitasema, maana nimechoka na mambo ya kufichaficha: kila ninaposimama mbele yake natamani angekuwa yeye aliyesimama kanisani siku ile, na mama ndiye aliyekuwa ameketi akisikiliza.