Waya wa Redio Kwenye Ukuta wa Mabati

Kuna siku moja naikumbuka kila ninapopanda ngazi kubadilisha taa ya nje, mwanangu, na mpaka leo siwezi kukueleza yote yaliyotokea kwa mpangilio. Kipindi kile hakikuwa na mpangilio. Lakini kuna kipande kimoja ninachokielewa vizuri, na hicho ndicho nataka nikupe.

Ilikuwa siku chache tu baada ya matokeo ya kura ya mwaka wa 2007, majirani walipoanza kufukuzana kwa sababu ya kabila. Nilikuwa kijana, nimetoka Machakos, nakaa Soweto West kule Kibera, najifunza kazi ya stima, yaani umeme, kwa Mzee Ramadhani. Mzee huyo alizaliwa Kibera na baba yake vilevile. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka Sudan akiwa askari wa mkoloni. Alikuwa mtu wa kueleza jambo moja mara tatu bila kukasirika, na mimi nilikuwa mtu wa kusikiliza mara moja na kusema nimeelewa.

Moshi wa nyumba zilizochomwa ulipoanza kuonekana upande wetu, nilichukua begi la vifaa na blanketi, nikaenda kwa dada yangu Kawangware. Sikujua kama nakimbia au naenda kutembea. Nilipofika waliniuliza huko kukoje, na mimi nilikuwa nimekuja na swali hilo hilo.

Dada na mumewe walikaa kwenye ploti ya vyumba kumi vya mabati, vinavyotazamana, na geti moja. Karibu na geti palikuwa na balbu ndogo iliyomulika ukuta tu. Wapangaji walitaka taa kubwa, isogezwe mpaka juu ya nguzo ya geti, wapate kuona anayekuja. Mmoja wao alikuwa nayo, aliihifadhi kutoka kazi ya mjengo.

"Fundi si huyu hapa?" shemeji akasema, akinipiga bega.

Nilifurahi, mwanangu. Nilikuwa nakula ugali wa watu bila kuleta chochote.

Shida ikawa waya. Ule wa zamani uliishia kwenye balbu, na geti lilikuwa hatua tatu mbele. Maduka ya vifaa yalikuwa yamefungwa, mengine yamechomwa. Nikachukua redio mbovu ya dada, nikakata waya wake. Sasa sikiliza vizuri. Waya uliotoka ukutani ulikuwa na nyaya tatu ndani: mmoja wa kuleta stima, mmoja wa kuirudisha, na wa tatu, wa kijani na manjano, wa kuipeleka ardhini ikipotea njia. Waya wa redio una nyaya mbili tu. Nikaunga mbili, na ule wa tatu nikaukunja nyuma. Nilijiambia kwamba balbu ya zamani haikuutumia, basi hata hii haitauhitaji.

Tepu ya kufungia ilikuwa imeisha. Nikasokota viungo kwa vidole, nikavizungushia vipande vya karatasi ya nailoni. Waya nikaupitisha juu ya ukingo wa bati, nikaushika kwa msumari niliokunja. Tukawasha. Taa ikawaka, geti likaonekana lote, watu wakapiga makofi. Tangu hapo haikuzimwa, hata mchana. Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyeizima.

Baada ya siku mbili mvua ilinyesha asubuhi. Ilipokatika, jirani yetu Mama Kanini alitoka kuanika nepi. Kamba ya nguo ilikuwa ya chuma, imefungwa kwenye msumari wa ukuta ule ule. Baba Atieno, mpangaji wa chumba cha mwisho, ndiye aliyekuwa ameikaza juzi yake kwa sababu ilikuwa ikilegea.

Tulisikia sauti ambayo haikuwa kilio. Mama Kanini alikuwa ameishika kamba na hawezi kuiachia. Shemeji akakimbia kumvuta.

"Usimguse!" Baba Atieno akamwambia. Akanyakua stuli ya mbao kutoka mlangoni kwake, akampiga nayo mama wa watu mkononi mpaka vidole vikaiachia kamba. Mama Kanini akaanguka. Alikuwa hai, anatetemeka, vidole vimeungua.

Ungedhani tungemshukuru Baba Atieno. Hata mimi ningedhani hivyo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa peke yake kwenye ploti ile mwenye jina la kabila la upande wa pili wa kura, na kwa siku hizo kadhaa watu walikuwa wakimsalimia nusu nusu.

"Buda, ulijuaje ni stima?" akauliza Kevo, kijana wa chumba cha tatu.

"Kazini tulifundishwa. Mtu akishikwa, unatumia mbao kavu."

"Kazini. Na hii kamba nani aliifunga?"

"Ni mimi. Mlilalamika inaburuta nguo chini."

"Kwa hivyo unafunga kamba, kamba inashika mtu, na stuli uko nayo tayari."

"Kevo, hiyo stuli naikalia kila siku. Mama Kanini ni kama dada yangu."

"Siku hizi kila mtu ana dada," mwingine akasema, na wachache wakacheka.

Ndivyo maneno yalivyokwenda. Wakasema ametega ukuta ili watu wasipite karibu na mlango wake. Aondoke kabla ya jioni. Na wote tulijua barabara ya huko nje haikuwa ya kupitwa na mtu mwenye jina lake, godoro likiwa kichwani. Tulijua, na bado tulisimama pale.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa na testa, bisibisi ya kupimia stima, mkononi, nimechanganyikiwa. Nikaigusisha kwenye kamba, ikawaka. Kwenye bati, ikawaka. Nikatazama taa yangu juu ya geti, nayo inawaka vizuri tu. Taa ikiwaka, nilijiambia, kazi yangu ni safi. Basi stima hii imetoka wapi? Sitakudanganya, mwanangu: kwa muda fulani nilianza kuamini walichosema. Ilikuwa rahisi kuliko kufikiri.

Nikaenda nyuma ya choo, nikampigia simu Mzee Ramadhani. Alikuwa bado Kibera. Alikataa kuhama.

"Mzee, ukuta wa huku una stima."

"Umezima?"

"Kuna mtu wanasema ameitega, Mzee, na sasa..."

"Mutua. Umezima?"

Sikuwa nimezima. Watoto walikuwa uani, kamba inaning'inia, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amezima. Nikakimbilia chumba cha shemeji, ambako swichi kubwa ilikuwa, nikaishusha. Mzee akaniambia nipime tena. Kamba kimya, bati kimya.

"Haya. Sasa pole pole," akasema. "Nani aligusa nyaya za ukuta huo mwisho?"

"Ni mimi. Niliweka taa kubwa."

"Ukarefusha waya."

"Ndiyo."

"Na nini?"

"Na waya wa redio, Mzee."

Hakunitukana. Alipumua tu, kisha akaniambia nipande nikaangalie. Nikapanda. Ile nailoni ilikuwa imejaa maji kama kijifuko. Na pale waya ulipopita juu ya ukingo wa bati, upepo ulikuwa umeusugua mpaka ngozi ikachanika. Uzi wa shaba mwembamba kama unywele ulikuwa umelala juu ya bati.

"Lakini mbona fyuzi haikukatika?" nikamuuliza. Bado nilikuwa natafuta mlango wa kutokea.

"Kwa sababu mabati yamepigiliwa kwenye mbao. Stima imeingia kwenye bati na haina pa kushukia. Imekaa hapo ikingoja mtu mwenye miguu kwenye tope. Ule waya wa kijani uliokunja, kazi yake ndiyo hiyo: ukifungwa kwenye chuma, unaipeleka chini mara moja, fyuzi ikatike, mtu asiguswe." Kisha akauliza, "Huyo wanayemsema yuko wapi?"

"Anakunja godoro."

"Na wewe unaongea na mimi kwa nini?"

Nikarudi uani. Nilikuwa mgeni, wangeweza kunitoa mimi badala yake, na dada yangu pia. Nilisema tu, "Ni mimi. Si kamba, ni taa. Niliunga vibaya." Nikawaonyesha ule waya uliochanika. Nikawaeleza kuhusu nyaya tatu.

"Kwa hivyo ni wewe ulitaka kutumaliza?" Kevo akasema.

"Sikutaka. Sikujua."

Shemeji alitazama chini. Nilingoja kupigwa na sikupigwa, na mpaka leo sijui ni kwa nini. Labda walikuwa wamechoka. Labda mimi nilikuwa na jina lisilowaudhi, na hilo halinipi raha hata kidogo nikilifikiria.

Aliyesema mwishowe ni Mama Kanini, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono umefungwa leso. "Mwacheni Baba Atieno arudishe godoro ndani," akasema. "Mvua inarudi."

Duka moja lilipofungua nusu mlango wiki iliyofuata, nilirudia kazi. Nikanunua waya wa nje wenye nyaya tatu, unene sawa na ule wa ukutani. Viungo nikaviweka kwa konekta za skrubu ndani ya boksi lenye mfuniko wenye mpira wa kuzuia maji, na waya nikauingiza kutoka chini, umening'inia kidogo, ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye boksi. Penye ukingo wa bati nikaupitisha waya ndani ya paipu. Waya wa kijani nikaufikisha mpaka kwenye mwili wa taa na kwenye bati, na kabla ya yote nikahakikisha kwamba huko unakotoka umefika ardhini kweli.

Ngazi ilihitaji mtu wa kuishika. Baba Atieno akaja bila kuitwa. Tangu siku ile hakuwa amenisemesha. Nilipoinua mkono kushika waya, akauliza, "Umezima?"

"Nimezima."

"Pima."

Nikapima, akaona. Ndipo akaishika ngazi kwa mikono miwili.

Mwezi uliofuata alihama, vitu vyake juu ya mkokoteni. Nilimbebea upande mmoja wa kitanda. Sijui kama aliondoka kwa sababu yetu. Sikumuuliza, na hilo nalo ni kosa langu.

Basi mwanangu, ukibadilisha taa ya nje na waya ukawa mfupi, shuka kwanza. Zima stima kwenye swichi kubwa, si swichi ya taa tu, kisha pima, hata kama una hakika. Usirefushe kwa chochote kilicho karibu. Kama vifaa vinavyofaa havipo, acha giza likae siku chache. Giza halijaunguza vidole vya mtu. Kama kazi imekuzidi, mwite fundi mwenye leseni wala usione aibu. Na usitosheke kwa kuwa taa inawaka. Yangu iliwaka vizuri mno.

Siku ukuta utakapomshika mtu na watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu, jiulize wewe uligusa nini mwisho. Ukijua ni wewe, sema mapema, kabla mtu hajakunja godoro.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka. Akupe majirani wa kukushikia ngazi, na nawe akujalie uwe jirani anayestahili kushikiwa. Usalama ukae nyumbani kwako, ndani na nje.